Kupumua Kwenye Koma

Sikupata usingizi. Nikianza kufundisha koma za Kiingereza, je, nitakuwa kama mwalimu wangu?

Asubuhi, harufu ya chaki ilinirudisha darasa la tano, hukuhuku Kabazi. Mwalimu alitusimamisha mbele tusome insha zetu, na ilikuwa marufuku kupumua mahali ambapo hukuandika koma. Insha yangu haikuwa na koma hata moja. Sentensi ya kwanza, “It was a bright sunny morning”, ilitoka vizuri, kisha kifua kikabana, ukuta ukayumba.

“Huyo anazama!” wenzangu walicheka.

Fimbo iligonga dawati. “Endelea!”

Nilianguka.

Leo, darasani mwangu, msichana mmoja alisimama na insha yake. “Ticha, nianze?”

“Soma ukiwa umeketi,” nilisema, nikavuta kiti kando yake. “Ukichoka, pumua. Koma tutaziweka pamoja.”