Nilimkatia Matroni Tiketi ya Ndege Tatu

Mwanamke aliyenifukuzisha kazi aliingia ofisini kwangu saa nne asubuhi, akavuta kiti, akaniomba nimchagulie ndege.

Nikamjua papo hapo.

Miaka kumi na moja ilikuwa imepita! Alikuwa matroni wangu wodini. Maboksi ya dawa za maumivu yalipotea stoo, akasimama mbele ya kamati na kusema, "Ufunguo nilimwona nao huyu." Mimi. Nesi wa mwaka wa pili kazini.

Nikafutwa. Mtaani nikaitwa mwizi wa dawa. Mama yangu aliniuliza mara moja tu, "Mwanangu, kweli hukuchukua?" Alikufa na swali lake.

Sasa nakata tiketi. Nimenenepa, navaa miwani. Kunitambua? Wapi!

"Binti yangu anajifungua ng'ambo ya Atlantiki," akasema. "Hana mtu kule. Nataka nifike kabla ya tarehe kumi na nne. Ila njia iwe nyepesi, miguu yangu inavimba."

Nikatazama chini. Kweli, viatu vilikuwa vimembana hadi nyama imefura pembeni.

Nikasema moyoni, leo nitakunyoosha.

Kwenye kompyuta kulikuwa na njia safi kabisa. Unabadilisha ndege mara moja, unasubiri saa mbili, begi unalikuta mwisho wa safari. Nafasi tele.

"Hii imejaa, mama," nikasema bila kupepesa macho.

Nikamgeuzia kioo nimwonyeshe nyingine. Ndege tatu. Kituo cha pili unashukia uwanja mmoja, unapandia uwanja mwingine, upande wa pili wa jiji.

Akasogeza uso karibu na kioo. "Hapa katikati si nitatoka nje? Hawataki viza?"

"Hapana, mama. Unapita tu."

Uongo mtupu. Viza walikuwa wanataka, na mimi nilijua.

Akainua macho kutoka kwenye kioo, akanitazama usoni. Nikajikaza kisabuni. Mwishowe akasema, "Haya. Kata hiyo."

Siku ya safari sikufanya kazi ya maana. Nilifungua ramani ya ndege kwenye simu, nikawa naifuata. Sasa yuko angani. Sasa ametua. Sasa anaburuta begi na miguu ile.

Nilicheka peke yangu mpaka mhasibu wetu akachungulia. "Dada, umeposwa?"

"Zaidi ya kuposwa," nikamjibu.

Wiki tatu baadaye mlango ukafunguliwa. Matroni. Ana fimbo, amekonda usoni. Akaketi kile kile kiti, akaweka pasipoti mezani.

"Walinizuia kituo cha pili," akasema. "Nilikaa kwenye benchi saa thelathini na moja, kisha wakanirudisha."

"Pole sana, mama. Lazima kulikuwa na kosa la..."

"Sista Upepo, acha."

Hilo jina waliniita wodini tu, kwa vile nilivyokuwa nakimbia na troli.

"Nilisikia unafanya kazi hapa, na siku ile nilikutambua kabla sijakaa," akasema. "Njia ya kubadilisha mara moja binti yangu alishanitumia kwenye simu. Hapa nilikuja kukuomba radhi. Mdomo ukagoma. Nilipoona unanidanganya, nikasema, acha anilipize, nimestahili."

"Sasa kwa nini ulipanda?"

"Nilijua utanichosha. Sikujua utanirudisha."

Nikaivuta pasipoti yake, nikawa naifungua na kuifunga.

"Yale maboksi nilichukua mimi," akaendelea. "Mume wangu saratani ilikuwa inamla, analia mchana kutwa. Nilipoona kamati inaninusa, nikakutaja wewe. Ulikuwa mdogo, nikadhani utapata kazi nyingine."

Akatoa bahasha. Ndani kulikuwa na nakala ya barua aliyopeleka hospitalini na baraza la wauguzi. Jina langu. Jina lake. Maboksi. Kila kitu, na sahihi yake chini.

Miaka yote hiyo nilikuwa naota kumwona akikiri. Kwenye ndoto nilikuwa napiga vigelegele.

"Binti yako?" nikauliza.

"Alizaa peke yake. Alipasuliwa. Alikuwa ananipigia simu nikiwa pale kwenye benchi, simu yangu imezima. Alidhani nimekufa njiani."

Nilikunja ile barua. Ikakataa kukunjika sawa.

"Matroni, barua nimeipokea," nikamwambia. "Radhi bado. Mama yangu hayupo kuisoma."

"Sijakulazimisha," akasema.

Nikavuta kibodi. Nikamkatia njia ya kubadilisha mara moja, siti ya pembeni, nikaweka na ombi la kiti cha magurudumu viwanja vyote. Alipoondoka nilifunga mlango wa choo nikalia kama mtoto, na mpaka leo sijui sehemu gani ya kilio ilikuwa ya mama na ipi ya yule binti.

Ndugu msomaji, sikuambii usamehe. Mimi mwenyewe sijafika huko.

Ila ukiwa unapanga kulipiza, uliza kwanza nani mwingine anamsubiri huyo mtu. Mimi nilimlenga matroni. Aliyelala kitandani na mshono mbichi, akilia "mama, pokea simu", ni msichana ambaye sijawahi kumwona, na hajawahi kunikosea chochote.