Niliacha sigara nikaishia kumeza pini: nilivyoijua fixation ya mdomo

Wakuu, heshima kwenu mliopo na mtakaopita baadaye.

Hii ni ya kwangu mwenyewe, siyo ya "jamaa yangu mmoja". Sijaongeza chumvi. Kuna sehemu moja nimepunguza, mtaijua mkiifikia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora, Isevya. Upande wa baba tumekuwa watu wa mjini tangu enzi za misafara, na kushona kumo kwenye ukoo. Nashona kanzu, sare za shule, na msimu wa harusi ukianza ni magauni mpaka basi.

Nilikuwa mvutaji haswa. Mke wangu Rehema alipopata mimba ya Asha, harufu ya sigara ikawa inamtapisha. Nikaacha. Kwa mkupuo, bila dawa wala ushauri. Nikajiona mwanaume kweli.

Tatizo likabaki mdomo.

Nilianza na njiti za kibiriti. Zikaja bigijii, natafuna mpaka taya zinauma. Kalamu zote za dukani zikakosa vifuniko. Kamba ya jaketi langu ilikuwa imelowa muda wote kama ya mtoto wa chekechea. Siku moja Rehema akanikuta natafuna ncha ya tepu ya kupimia.

"Baba Asha, hiyo imepita kwenye viuno vya watu."

Nikacheka, nikaitoa. Baada ya muda ikarudi.

Halafu zikaja pini. Kwa wasiojua, sisi mafundi tunazitumia kushikiza kitambaa kabla ya kushona, na wengi tunazibana kwa midomo ili mikono iwe huru. Kwa hiyo hakuna aliyenishangaa. Ila wenzangu wanazibana wakiwa kazini tu. Mimi nilikuwa nakaa nazo hata nikiwa sina kazi. Umeme ukikatika, pini mdomoni. Mteja akichelewa, pini mdomoni. Ule ubaridi kwenye ulimi ulikuwa unanituliza, sijui niwaelezeje.

Sasa akaja Bi Tatu, mama wa mtaani kwetu, mcheshi sana, anamwozesha binti yake. Nimepiga magoti nashikiza upindo wa gauni lake. Yeye anajiangalia kwenye kioo, anageuka huku na huku. Akasema, "Fundi, hapa mkwe wangu asipokuwa makini ataniposa mimi."

Nikacheka.

Nikahisi kitu kimepita kooni. Kama mfupa wa samaki, halafu basi.

"Mbona umenyamaza?"

"Nimemeza pini."

Akadhani nami natania. Alipoona jasho linanitoka, akaita bodaboda, tukapakiana, yeye bado yumo ndani ya gauni lenye upindo nusu na pini zinaning'inia. Kila boda ikiruka tuta anapiga yowe la kuchomwa. Mpaka tunafika Kitete hospitalini sikujua mgonjwa ni nani.

Picha ikaonyesha pini imeshaingia kwenye utumbo. Daktari, dada mmoja mtulivu, akaniambia, "Mara nyingi zinatoka zenyewe. Ikitoboa utumbo, tutakupasua. Kwa hiyo utalala hapa tukuangalie."

Wakuu, hapo utani uliisha. Nalala chali nasikiliza tumbo langu. Gesi ikipita kidogo tu, nawaza ndiyo imetoboa. Nikawa namfikiria Asha, amejua kutembea juzi tu. Nimeacha sigara kwa ajili yake, halafu nife kwa pini?

Kesho yake mama yangu akafika kwa treni kutoka Kigwa. Akawasalimia wagonjwa wote kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kitanda hadi kitanda, ndipo akaja kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pini? Huku mjini chakula kimeisha?"

Daktari akapita tukiwa hivyo. Akaniuliza habari za sigara, nikamweleza yote, mpaka ile kamba ya jaketi. Akatabasamu.

"Fundi, uliacha sigara. Ile kazi ambayo sigara ilikuwa inakufanyia hukukipa kitu kingine, ndiyo maana mdomo umekuwa ukijitafutia. Utotoni ulikuwa unanyonya kidole?"

Kabla sijajibu mama akadakia. "Mpaka darasa la tatu. Tulimpaka shubiri, akawa anailamba."

Daktari akasema kuna nadharia ya zamani ya saikolojia inayoitwa oral fixation. Kwamba mtoto akikatishwa ziwa ghafla, sehemu ya nafsi yake inaweza kunasa palepale, na ukubwani akawa anatafuta utulivu kwa mdomo. Akaongeza kwamba wataalamu wengi siku hizi hawaichukulii hivyo, kwamba mambo ni mengi.

Mama hakusikia yale ya mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Daktari akamkatalia vizuri tu, kwa heshima. Haikusaidia. Mama akakaa ukingoni mwa kitanda, akanieleza jambo nililokuwa silijui. Alishika mimba ya mdogo wangu nikiwa bado nanyonya. Bibi akamwambia ziwa la mjamzito litanibemenda, nitadhoofika nife. Akaniachisha siku hiyohiyo.

"Ulikuwa unalia umeshika kanga yangu. Nami nalia. Nilikuwa naogopa utakufa."

Nikamwambia, "Mama, si uliniokoa kwa ulivyojua?" Akatikisa kichwa. Siku zile zote hospitali hakula vizuri. Kila nikimtazama, midomo inacheza, anaongea na nafsi yake. Nikaona nadharia ile imemnasa yeye kuliko ilivyoninasa mimi.

Aliyemtoa humo ni Rehema. Alikuja na uji, akamkuta mama anairudia ileile hadithi. Akaweka chupa chini.

"Mama, mimi Asha nimemwachisha mwezi uliopita. Kalia mtaa mzima ukasikia. Akikua akameza pini, utanilaumu mimi?"

Mama akamgeukia Rehema.

"Yule Asha? Yule atameza cherehani."

Wakacheka wote wawili mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Mama akachukua uji wangu, akaunywa wote.

Pini ilitoka yenyewe. Namna tulivyohakikisha kwamba imetoka ndiyo sehemu niliyopunguza. Nesi yule Mungu ambariki.

Sasa hivi pini zinakaa kwenye sumaku. Mdomo bado una fujo zake, kuna siku nakula karanga kama nimeajiriwa. Ila nikishikwa na ule wasiwasi, natoka nje napiga stori na jirani mpaka upungue.

Nilichojifunza: ukiacha tabia, jiulize ilikuwa inakutuliza nini, maana hilo halitaondoka na pakiti. Na tukisoma haya mambo ya saikolojia, tusikimbilie kuwabebesha wazazi wetu. Wengi walikuwa watoto wanaolea watoto, wanaogopa, hakuna wa kumuuliza.

Mliowahi kuacha kitu kikarudi kwa mlango mwingine, semeni kilirudi na sura gani. Madaktari wa humu, nikosoeni nilipoteleza.