Mlevi Aliyeamkia Kwanza

Patriki wa Dongobesh hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, lakini wilaya nzima ya Mbulu haikuwa na mlevi aliyejulikana kumshinda. Kosa ni la Mwingereza mmoja.

Alikuja mwaka 1951 na lori, kamera na kaptula pana. Kwao London, alisema mwenyewe bila kuulizwa, alikuwa bingwa wa maigizo: wafalme walikufa jukwaani kwa amri yake. Baadaye akaingia kwenye sinema, mambo yakamwendea mrama, na sasa serikali ilimtuma atengeneze picha ya kukataza ulevi. Watu walimwita Bwana Rudia, maana hilo ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri.

Patriki, kijana mpole mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni kwa mama yake, akapewa nafasi ya mlevi. Baba wa mlevi akawa Mzee Tomaso, aliyependa mno kutazamwa. Mlevi alitakiwa kumsukuma baba yake aanguke matopeni. Na Patriki alikuwa amepeleka posa kwa Perpetua, binti wa Tomaso huyohuyo, na jibu lilikuwa bado. Angekataa, lakini jumbe alishasema anayemkataa Bwana Rudia ameikataa serikali.

Siku ya kupiga picha alipepesuka hadi mbele ya mzee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Tomaso akaitika, ndipo akasukumwa kwa vidole viwili.

"Rudia!" Bwana akafoka. "Mlevi hapana salimu!"

Wakarudia mara saba, na mara zote salamu ilitangulia. Mwishowe Tomaso mwenyewe akachoka.

"Nisukume kweli, kijana. Matope yanakauka."

Patriki akaamkia, akafumba macho, akasukuma. Mzee akaanguka vizuri sana. Bwana Rudia akasema basi, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Patriki alijifariji kwamba angalau aliamkia. Hakujua kwamba kamera ile haikuchukua sauti.

Miezi minane baadaye shuka likawambwa kwenye ukuta wa duka la Halfani. Ndugu zake Tomaso, ambao kesho yake wangetoa jibu la posa, wakakaa mbele. Mlevi akatokea, midomo ikacheza.

"Sasa," akaeleza karani wa lori la sinema kwenye kipaza sauti, "mlevi anamtukana baba yake."

Mzee akaanguka. Ndugu wote watatu wakageuka kumtazama Patriki, naye akaona Perpetua anamponyoka hivihivi.

"Rudia," akasema Tomaso, ambaye alikuwa hajashiba kujitazama.

Mkanda ukarudishwa nyuma. Safari hii Patriki akamnyang'anya karani kipaza sauti, na midomo ilipocheza akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Tomaso akaitika kutoka kwenye kiti chake, sawasawa na midomo yake ukutani. Watu wakacheka mpaka machozi. Kesho yake posa ikakubaliwa.

Serikali ikamwajiri Patriki, akazunguka na lori akiamkia na kujiitikia mwenyewe Hirbadaw, Gehandu na Katesh; Dongobesh tu aliitika Tomaso. Bwana Rudia alirudi kwao, na inasemekana hakuitaja picha hiyo kwa mtu.

Mwaka aliokufa Mzee Tomaso, lori lilipita tena Dongobesh. Patriki akasema shikamoo, kisha akakwama. Ukutani midomo ya mzee ilicheza bila sauti, na Patriki, mkwewe, alilia waziwazi mbele ya watu. Perpetua akamnyang'anya kipaza sauti.

"Marahaba, mwanangu," akaitika kwa sauti nzito ya baba yake.

Mzee akaanguka, vizuri kama kawaida.