Pupa Aliyeelekeza Ruiru

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu kule Munyu, ng'ambo ya Thika, hatukuhitaji ramani ya mtu yeyote. Ukitaka kujua Nairobi iko upande gani, ulikwenda tu kwenye shamba la viazi vitamu, ukafukua kwa kijiti penye udongo laini, ukatoa pupa. Huyu ni kiwavi aliyekwisha kujifungia ndani ya ganda la kahawia akingoja kuwa nondo. Hana miguu wala macho ya kuonekana, lakini mkia wake unacheza. Unamshika katikati kwa vidole viwili, mkia ukiwa juu, kisha unamuuliza kwa adabu, "Nairobi ni wapi?" Naye anapinda mkia na kukuonyesha. Akikuonyesha upande wa Garissa, hatukusema amekosea. Tulisema Nairobi ina barabara nyingi.

Leo wadudu ndio kazi yangu. Nyumbani kwangu, mtaa wa Kahawa Sukari, ukuta wa sebule umejaa fremu za vipepeo na mbawakawa, na wageni wangu wengi huchagua kiti cha mbali. Nafuga viwavi kwenye mikebe, natandaza mabawa, naandika vibandiko vya majina, na mara kwa mara napakia fremu zangu na kwenda kuzionyesha shuleni. Watu huniuliza msichana wa Kikuyu aliingiaje kwenye mambo ya wadudu. Huwa nawaambia nilitumwa na pupa, wanacheka, na mimi nawaacha wacheke.

Aliyenilea Munyu ni cucu, mama yake mama. Mama yangu alinizaa akiwa bado kwao, kisha akaenda kutafuta kazi, nami nikabaki na cucu na mbuzi wake. Watoto wengine walicheza na pupa, lakini cucu alimwamini. Alikuwa mtu wa kanisa, Jumapili hakosi, na kama kulikuwa na ugomvi wowote kati ya pupa na kanisa, yeye hakuwahi kuusikia. Siku mbuzi wetu Kanini alipopotea akiwa na mimba, cucu alimuuliza pupa mbele yangu, na mkia ukaelekea mtoni. Tukamkuta huko amekwisha kuzaa mapacha, anatuangalia kama sisi ndio tuliopotea. Kweli, Kanini alikuwa na tabia ya kwenda mtoni kila siku ya Mungu, lakini siku hiyo hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Cucu alikuwa na sharti moja tu. "Hii kitu inaulizwaga mara moja," aliniambia. "Na kwenye imekuonyesha, unaenda. Mtu akikataa, anazungukaga maisha yake yote, hata njia ya choo inampotea." Nilimwamini kabisa. Kulikuwa na mzee mmoja jirani ambaye kila akitoka kunywa alilala kwenye uzio wetu badala ya kwake, na mimi nilijua moyoni kwamba huyo alimkatalia pupa wakati fulani.

Basi Jumapili moja mama alikuja na mkate, juisi na sura ya mtu mwenye jambo. Alikuwa amepata kazi ya kudumu ya kushona katika kiwanda cha nguo Ruiru, amekodi chumba, na amenitafutia shule. Alitaka kuondoka nami siku hiyo hiyo. Nililia. Nikakimbilia nyuma ya ghala la mahindi nikakataa kutoka. Mama alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Cucu alikuwa amekaa kwenye kigoda anachagua maharagwe. Nilimchungulia nikitaka anitetee, lakini hakuinua macho.

Ndipo nikapata wazo. Nilitoka mafichoni nikasema, "Tuulize pupa."

Mama alishika kichwa. "Wairimu, hii ni maneno ya shule, si ya wadudu!"

Lakini mimi nilikuwa na hakika yangu. Mara nyingi nilikuwa nimemuuliza pupa mmoja baada ya mwingine, "Kwetu ni wapi?", na karibu kila mara mkia uliinama upande wa mlima wa Kilimambogo, ambao ukitoka shambani ndio upande wa nyumba yetu. Nilijua pupa wote wa Munyu walikuwa upande wangu.

Cucu aliweka ungo wa maharagwe chini. "Wacha mtoto aulize," akasema. "Lakini kushika, nitashika mimi."

Nilifukua pupa mkubwa, mnene, mwenye kile kishikio kilichojikunja mbele kama mkono wa kikombe. Tukasimama uani. Kilimambogo ilikuwa mkono mmoja, njia ya Thika mkono wa pili, na kila mtu anajua huwezi kufika Ruiru bila kupitia Thika. Cucu alimshika, akafumba macho kidogo kama anayeombea chakula, akauliza, "Huyu mtoto, kwao ni wapi?"

Mkia ulizunguka mara moja, ukatulia, halafu ukapinda wote kuelekea njia ya Thika.

Hata mama, aliyekuwa amekunja mikono kwa dharau, aliikunjua. Cucu alibaki amesimama akimtazama yule pupa kwa uso ambao sikuuelewa.

"Muulize tena!" nikapiga kelele. "Alikuwa anazunguka tu!"

"Zii," cucu akasema. "Inaulizwaga mara moja."

Alinifungia viazi, ndizi na nguo zangu. Kisha akachukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akaujaza udongo, akamlaza pupa ndani. "Enda naye," akasema. "Yeye ndio amekutuma." Nililia mpaka Makongeni, pale Thika. Hapo mama alininunulia mandazi, na kwa kweli ni vigumu kulia ukiwa unatafuna, kwa hiyo nikaacha.

Ruiru niliichukia kwa juma zima. Tuliishi kwenye ploti ya vyumba vilivyopangwa mstari, bomba moja, watu wengi, na usiku ulisikia jirani akikohoa utadhani mnalala kitanda kimoja. Kisha jioni moja nilifungua mkebe nikakuta ganda limepasuka, tupu, na juu ya pazia letu ametulia nondo mkubwa wa kijivu, tumbo lina mistari ya waridi kila upande. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yule mwonyesha njia wetu alikuwa na safari zake mwenyewe. Nilipiga yowe la furaha, ploti nzima ikaja kuona kama kuna mwizi.

Katika umati huo alikuwemo Nekesa, msichana wa rika langu ambaye wazazi wake walitoka Bungoma. Alisukuma watu akamtazama yule nondo. "Si umfukuze!" mama mmoja akasema, na Nekesa akamjibu kwa ukali, "Hapana! Kwetu huyu ni mgeni. Mgeni hafukuzwangi." Hapo hapo nikampenda Nekesa, na mpaka leo ni rafiki yangu.

Mgeni wetu alikaa na sisi siku chache, akafa kwenye pazia kwa amani. Hatukutaka kumtupa. Mama alikuwa na pini za kushonea, basi tukamtandaza mabawa juu ya kadibodi tukambandika. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza. Krismasi Nekesa alikwenda kwao, akarudi na mbawakawa mwenye pembe, mkubwa kama yai, amefungwa kwa leso, na watoto wa Ruiru walipanga foleni mlangoni kwetu kumwona. Mimi nilikamata vipepeo kwenye maua ya uzio na mbawakawa wa kijani wanaong'aa waliokuja kwenye maembe yaliyooza sokoni. Tuliwapanga juu ya mlango wa zamani tuliouegemeza ukutani. Majina ya kitabuni hatukuyajua, kwa hiyo tuliwapa ya kwetu: mweusi mwenye ukosi mweupe alikuwa Pasta, na mwenye mabaka ya manjano aliyependa kugombania maua, kama kondakta wa matatu anavyogombania abiria, alikuwa Makanga. Nilikuja kuyajua majina yao halisi baadaye, vitabuni, lakini Pasta bado namwita Pasta.

Mwaka jana nilialikwa shule moja ya Ruiru kuonyesha fremu zangu. Nilibeba pia pupa hai wa viazi vitamu, kwa sababu watoto hupenda kitu kinachocheza. Nikawaeleza jambo nililolisoma kitambo: kwamba pupa wa aina hii ana vishimo vyenye vinywele ubavuni, na ukimgusa upande mmoja, anapinda mkia kuelekea upande huo huo, kumbana adui. Nikamgusa kwa brashi kushoto, akapinda kushoto. Nikamgusa kulia, akapinda kulia. Darasa likashangilia. Ndipo kijana mmoja wa mbele akasema, "Kumbe ukimfinya pole pole anaenda kwenye unataka!"

Nilicheka pamoja nao, halafu nikaishusha brashi. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo miaka mingi bila kuliweka kwenye uwanja wetu wa Munyu. Cucu alisema atashika yeye mwenyewe, na pupa akaelekea Ruiru. Kumbe alinifinyia niende? Nilikuwa mtu mzima kabisa, nina nyumba na gari, lakini swali lile lilinirudisha nyuma ya ghala la mahindi. Nilitaka kujua kama cucu alinitaka au alikuwa amechoka nami.

Jumamosi nikaenda Munyu na sukari, unga na fremu moja ya nondo. Cucu sasa amevuka miaka themanini, meno yamepungua lakini maneno hayajapungua hata moja. Nilimkuta anaota jua. Akaipokea fremu, akaisogeza karibu na macho. "Ngai! Na hawa wote wamekukosea nini, ukawadunga sindano?"

Nikakaa chini karibu na miguu yake. "Cucu, ile siku mama alikuja kunichukua. Ulimfinya pupa?"

Mabega yakaanza kutikisika, na nikaona anacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikateleza. "Ni nani amekuambia?"

"Ulimfinya au hukumfinya?"

"Nilifinya," akasema. "Nilifinya na nguvu yote ya hii mkono. Upande ya Kilimambogo."

"Kilimambogo?" nikauliza.

"Nilikuwa nataka ubaki," akasema, sasa bila kucheka. "Wewe ndio ulikuwa unanishikia taa. Nikasema leo Mungu anisamehe, wacha niibe kidogo. Na vile nilifinya, hiyo kitu ikaenda Ruiru. Nikajua imekataa."

"Si ungeuliza tena?"

"Na ni nani alikuwa anasemaga inaulizwa mara moja? Si ni mimi?" Akarekebisha kitambaa. "Lakini haikukosea, ama ilikosea?"

Ninajua kilichotokea. Nimewashika pupa wengi kiasi cha kuweza kukuchorea. Gumba lake lilikuwa upande wa Kilimambogo, nene na butu kwa kazi ya jembe, na kucha ya kidole chake cha pili ilikuwa upande wa Thika. Mtu akimfinya pupa kidogo, humpeleka anakotaka. Yeye alifinya kwa nguvu zote, mdudu akasukumwa mpaka kwenye ile kucha, na mkia ukaitikia huko. Sikumweleza. Si kwamba hangeelewa, angeelewa haraka kuliko darasa lile. Ila sikuona faida ya kumwambia kwamba mkono ulionipeleka Ruiru ni ule ule uliokuwa ukinizuia, na kwamba ulikosea kwa sababu ulinitaka kupita kiasi.

"Haikukosea, cucu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akairudia fremu yake. Mimi niliegemeza kichwa kwenye goti lake, mtu mzima mwenye gari barabarani, nikiwa na furaha ambayo sikujua nilikuwa nimeikosa. Alinitaka nibaki, akadanganya ili nibaki, na aliposhindwa akatii neno lake mwenyewe na kunifungia viazi.