Kahawa ya Haki na Avokado za Nyongeza

Chekeni mpaka mchoke, lakini kahawa yenye alama ya haki, ile ya kuonyesha mkulima kalipwa vizuri, sitaacha kuinunua. Mkristo hawezi kunywa jasho la mkulima aliyepunjwa, na hilo nitalisema hata mbele ya askofu.

Jumapili nililisema kanisani kwetu, mtaani Kimbo. Kabla ya ibada nilikuwa nimenunua avokado pale getini kwa Mama Wambui, anayezitoa shambani kwake Murera. Nilimbana mpaka akashusha bei, kisha nikamwambia, "Niongezee basi, Mama, si mimi ni kastoma wako?" Akaniongezea mbili.

Wakati wa ushuhuda nikaenda mbele. "Bwana asifiwe! Ukimpunja mkulima, umempunja Yesu!" Makofi yakanivimbisha kichwa. Nikavuta pakiti ya kahawa iliyokuwa chini ya avokado ndani ya kiondo changu ili waione ile alama, na avokado zote zikamwagika, zikabingirika hadi miguuni pa Mama Wambui, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele.

Aliziokota polepole, akanirudishia zote isipokuwa mbili.

"Amina, dada," akasema, na kanisa zima likasikia. "Sasa mimi nibandike alama gani ndio unilipe vizuri?"