GPS Mpya ya Mzee Ngatia

Mzee Ngatia alikuwa mtu wa maneno machache, na Othaya nzima ililijua hilo. Ukimsalimia, anaitika. Ukimuuliza habari za nyumbani, anasema, "Tuko." Basi, imeisha.

Kazi yake ilikuwa kukodisha hema na viti. Palipokuwa na harusi au mazishi, pikapu yake ya kijivu ilifika mapema, akasimamisha hema pamoja na vijana wa boma hilo, kisha akarudi ndani ya gari na kukaa humo mpaka watu wamalize. Chakula aliletewa dirishani.

Zamani maneno yote yalibebwa na mkewe, Wamucii. Shule Ngatia aliona paa lake tu, kwa hiyo vibao vya barabarani kwake vilikuwa mbao zilizopakwa rangi. Wamucii aliketi kando yake, dirisha wazi hata kwenye baridi ya Julai, akimwita kila apitaye: "Mama, kwa fulani ni wapi?" Akirudisha kichwa ndani ana njia, ana habari za aliyejifungua, na mara nyingine ana ndizi mapajani.

Kisha magoti ya Wamucii yakakataa pikapu. Binti yao Shiro, muuguzi huko Nanyuki, akamletea baba yake GPS ya gari. Hiyo ndiyo ya kwanza, na Ngatia aliipenda kama ng'ombe wa maziwa. Ilikuwa nene, nzito, na kitufe chake kikubwa kilikuwa pembeni. Ukiwasha, hujamaliza kufunga mlango, imeshajua uko wapi. Jua likiipiga, mshale unauona. Mvua ikinyesha hadi ndani, kwa kuwa dirisha la pikapu halikufunga vizuri, unaifuta kwa kofia na safari inaendelea. Ilisema lefti, ilisema raiti, na Kiingereza hicho Ngatia alikiweza.

Wamucii alikuwa akimchokoza. "Baba Shiro, umeoa mke wa pili, tena wa kioo."

"Huyu haongei sana," alijibu Ngatia.

"Ngoja akuzoee!"

Mwaka jana, masika yalipokwisha, Wamucii akafariki. Ngatia hakulia mbele ya watu. Alizidi kunyamaza tu. Akawa anazunguka na ile GPS, Mukurweini, Tetu, Karatina, kidude kikisema lefti na raiti, naye hatakiwi kujibu. Ilimfaa hivyo. Njia hakumuuliza mtu.

Halafu kidude nacho kikazimika.

Alikipeleka Nyeri mjini kwa Mansukh, ambaye duka lake la redio na taa lilikuwapo tangu Ngatia akiwa kijana. Mansukh alikifungua, akatikisa kichwa.

"Mzee, ona. Betri imefura kama mandazi."

"Weka ingine."

"Haikuji tena. Hii model waliacha kutengeneza kitambo. Chukua mpya. Ona hii, kubwa, nyepesi!"

Ilikuwa kubwa kweli, tena nyembamba kama chapati ya mtu mchoyo. Ngatia aliichukua. Kabla ya wiki kwisha alikuwa amerudi, ameishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya.

"Mansukh, hii umeniuzia ni kioo ya kunyolea ndevu. Jua ikitoka najiona mimi mwenyewe."

Mansukh akacheka. "Na ingine?"

"Inaanguka. Kile kimpira cha kushika kwa kioo kikisikia baridi kinaachilia. Na haina kitufe. Nikigusa haisikii." Alionyesha kidole gumba chake, kigumu kama kwato kwa kazi ya kamba na vyuma. "Inasema eti mimi si mtu."

"Lamba kidole."

"Nilambe kidole nikiendesha gari?"

"Sasa mzee..."

"Na kila asubuhi inataka internet. Inataka hii, inataka ile. Ile ya kwanza haikuwahi kuniomba kitu."

Mansukh alimbadilishia, akampa nyingine ya aina ileile. Nayo ikawa na tabia zilezile, kama ndugu wa tumbo moja. Mara ya tatu Mansukh alimwagizia chai, akamvutia kiti.

"Mzee, nikwambie ukweli. Hata mimi naona aibu. Zamani nikiuza moja, siioni tena. Sasa nauza moja, naiona kila Jumatatu. Kampuni zinafikiria simu tu, hizi wanatengeneza hivi hivi. Kwa nini hutumii simu kama watu?"

"Simu ni ya kuongea."

"Na wewe huongei!"

Ngatia karibu acheke. Akanywa chai yake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Watu waliozisifu zile za kwanza ndio waliowaponza wengine. Alirudi nyumbani na kile kioo chake cha kunyolea.

Mwezi wa nane simu ikalia. Alikuwa Monicah, mdogo wake Wamucii, yule aliyehamia upande wa Kangema alikonunua shamba.

"Shemeji, ruracio ya msichana wangu Wangechi ni Jumamosi. Wanaleta mahari."

"Sawa."

"Unajua dada alisema nini. Alisema hema ya Wangechi ni yake, nisitafute mtu mwingine."

"Najua."

"Wageni wanakuja saa sita. Wasikute tukishika vyuma, shemeji. Watasema wamekuja kuchukua msichana kwa watu hawana hata kivuli."

"Nitafika."

"Ukitoka lami uliza tu kwa Monicah wa maziwa. Kila mtu ananijua."

Ngatia hakusema atauliza. Alimwomba Shiro, aliyekuwa amekuja kulala, aliingize boma hilo katika GPS. Shiro alipata mahali penyewe kutoka kwa shangazi yake kwa simu, akapaweka sawasawa, bila kosa. Ahadi ya Wamucii ilikuwa ndiyo hiyo moja iliyobaki mikononi mwake, na Ngatia alilala nayo kama mtu anayelinda yai.

Jumamosi aliondoka kukiwa na ukungu. Alipita Kiriaini bila shida. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na majani chai yalikuwa yanang'aa pande zote. Karibu na Kangema kidude kikasema raiti. Akakata kulia, akaiacha lami, akaingia barabara ya udongo inayoteremka katikati ya chai. Akateremka, na kuteremka, gari likiserereka kidogo, viti vikilia nyuma. Chini kabisa barabara ikaisha mbele ya kichaka cha migomba. Kidude kikatangaza kwa furaha kwamba wamefika.

Ngatia akazima gari. Mbele yake palikuwa na mto. Ng'ambo ya mto palikuwa na mteremko mwingine wa chai, na juu yake boma lenye moshi wa mapishi, na watu wanakimbia huku na huku. Boma la Monicah. Aliliona wazi. Angeweza kuwahesabu ng'ombe.

Mtu wa huku kwetu anajua jambo moja hata kabla hajajua kuvaa viatu: nchi hii ni migongo. Kila mgongo una barabara yake, na kati ya mgongo na mgongo kuna mto. Jirani unayemsikia akikohoa, kumfikia kwa gari lazima upande mpaka lami kule juu, upite, kisha uteremke mgongo wake. Ile GPS ya kwanza ilifuata barabara. Hii mpya ilipima kama kunguru: ikaona boma, ikaona barabara iliyo karibu nalo, ikamleta. Na Ngatia, aliyezaliwa juu ya mgongo, ndiye aliyeisikiliza hadi chini.

Akawasha gari, akajaribu kurudi nyuma. Magurudumu yakazunguka bure, tope likarukia mlango. Kwa mzigo ule, gari lisingepanda. Akajaribu kumpigia Monicah. Simu ikalia mpaka ikachoka. Nani anashika simu akiwa na sufuria tano motoni?

Alikaa. Alitazama lile boma. Ukungu ulikuwa unapanda na jua lilianza kutoka. Wageni nao walikuwa njiani sasa, bila shaka, wamevaa vizuri.

Akashuka, akasimama ukingoni mwa mto, akaweka mikono mdomoni.

"Uuui! Nyinyi wa ng'ambo!"

Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Hakuna aliyejibu. Akapiga tena, kwa kifua chote.

"Uuui! Kwa Monicah!"

Upande wa pili, mwanamume aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe akainuka. Jina lake Wamae, kama alivyokuja kujulikana baadaye.

"Monicah mgani? Wa maziwa ama wa kanisa?"

"Wa maziwa! Niko na hema yake!"

"Haiya! Ni wewe? Wanakungoja hadi wanataka kulia! Umeenda huko kufanya nini?"

"Nimeletwa na GPS!"

"Mwambie akurudishe!"

Vicheko vikazuka nyuma ya Ngatia. Akageuka. Wanawake waliokuwa wakichuma chai juu yake walikuwa wameacha kazi na kuegemea vikapu vyao, wanamtazama kama sinema.

"Mzee," akauliza mmoja, mama mzima mwenye gumboti, "hapo ulifikiri gari itaogelea?"

Ngatia alifungua mdomo kujibu neno moja, yakatoka mengi. "Mama, nimepotea. Hii ni hema ya msichana wetu. Gari haipandi, wageni wanakuja saa sita, na daraja sioni. Nisaidie."

"Daraja iko hapo nyuma ya ndizi. Ya miguu."

"Viti vinaweza kupita?"

"Si viti ni vya kukaliwa na watu? Hata watu wanapita."

Akalaza kikapu chake chini, akaita wenzake. Ng'ambo Wamae naye alikuwa amekwenda mbio bomani, na punde vijana wakaonekana wakishuka kati ya chai. Vyuma vya hema vikabebwa mabegani. Turubai likabebwa na wanaume wanne kama mgonjwa. Wanawake walifunga viti kwa kamba, wakaiweka kamba kwenye paji la uso, mzigo mgongoni, kama mama zao walivyobeba kuni, wakavuka daraja la mbao lililokuwa likinesa. Ngatia alibeba alivyoweza.

Yule wa gumboti akampita mlimani. "Wewe mzee, hiyo GPS haina mgongo ikusaidie?"

"Haina kitu, mama. Hata kitufe haina."

"Basi umenunua nini?"

"Hata mimi najiuliza."

Kamba ya mwisho ilikazwa na nyimbo za wageni tayari zikisikika langoni. Wanawake wa boma wakakimbia kuwazuia huko kwa nyimbo za kujibu, kama desturi ilivyo, na walizivuta nyimbo hizo kuliko kawaida ili viti vipanguswe tope. Wageni walipoingia, walikuta kivuli.

Ngatia alipangusa mikono, akageuka kuondoka. Monicah akamshika mkono wa koti.

"Unaenda wapi, shemeji?"

"Kwa gari."

"Gari iko mgongo wa watu wengine. Keti."

Akaketishwa miongoni mwa wazee wa upande wa msichana, na viatu vyake vya tope. Watu wakaanza kujitambulisha, mmoja baada ya mwingine: mjomba, shangazi, jirani. Zamu ikamfikia. Akasimama.

"Mimi ni Ngatia. Bwana ya Wamucii, dada ya Monicah."

Alidhani inatosha, lakini watu walikuwa bado wanamtazama, na Wangechi, aliyefichwa kati ya wasichana wenzake waliofunikwa leso ili wageni wamtambue, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Alisema hema itakuwa hapa," akaongeza. "Iko."

Wanawake wakapiga ngemi, vigelegele vya shangwe. Mzee aliyekuwa kando yake akamsogezea kiti, ingawa kilikuwa karibu tayari.

Nyama zilipokuja, Wamae alijibana katikati na bakuli la supu. "Sasa, mzee, hii GPS ni kitu gani? Nieleze."

"Ya sasa ama ya kwanza?"

"Anza na ya kwanza."

Ngatia akaanza. Alieleza uzito wake, na kitufe, na jinsi ilivyokubali kufutwa kwa kofia. Alieleza betri iliyofura na chai ya Mansukh. Mzee wa kando akaingilia kwamba hata majembe ya siku hizi yanapinda kama kijiko, na mwingine akasema tochi, msimtajie tochi. Ngatia akamngoja amalize, kisha akarudi palepale alipokatizwa, kwenye kile kimpira kisichostahimili baridi.

Monicah alipopita aliona bakuli la Ngatia bado limejaa na mafuta yameganda juu. Akalichukua, akaenda kumletea supu nyingine ya moto.