Ukuta Aliokuwa Akiula Masika

Juzi hapa Bwera nesi alimtoboa binti yangu kidole, akasoma kipimo, akasema damu ni kidogo. Chanzo si selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ni minyoo ya safura na kukosa madini ya chuma. Akaniuliza, "Mzee, huyu mtoto hali udongo?" Mimi, niliyeacha shule darasa la tatu na leo malori yangu matatu yanabeba saruji ya kiwanda cha Hima, niliangalia kucha za binti yangu.

Nilimkumbuka dada yangu Masika. Mchana mmoja tukiwa watoto mvua ilikuwa imekatika, na ukuta wa udongo wa jiko letu kule kijijini Nyakiyumbu ulinukia mpaka mate yakanijaa. Masika, viganja vyeupe, akihema kama mtu aliyepanda mlima, alikuwa anabandua udongo kwa ukucha na kuutafuna polepole. Mimi niliona ni ulafi tu. Nikaenda kumwambia baba.

"Unataka kutubomolea nyumba, wewe mchwa?" baba alimuuliza, fimbo mkononi.

"Baba, ni mwili ndio unaoutaka."

Alichapwa. Siku hiyo mbuzi alichinjwa, na kwetu maini yalikuwa ya wanaume, msichana haonji. Baba alinipa kipande kikubwa kwa sababu nilisema ukweli. Sasa nesi ananiambia nimpe binti yangu maini, pamoja na vidonge ambavyo naweza kununua katoni nzima. Masika, ambaye angekufa kabla ya mavuno ya mwaka ule, siku ile alikaa mlangoni akiniangalia nikitafuna.